Mwisho wa Hadithi ya Kogo

Mwanangu Chebet,

Nisamehe kwa kimya changu. Ni jambo la ajabu kuomba radhi ya kimya kwa mtu anayelala chumba cha pili, ambaye kila asubuhi hunipisha mlangoni akiwa na taulo begani, lakini ndivyo tulivyoishi tangu siku ya mashine. Umeniuliza habari za chumvi, nimekujibu habari za chumvi. Umeniambia lango limefungwa, nimesema vyema. Baba yako alipokuja kutoka kazini msituni Kaptagat alituuliza kama tumejiunga na dhehebu la watu wasiosema. Wewe ulicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, nikajizuia kwa sababu ulikuwa umenitangulia.

Kesho unaondoka kwenda Nairobi kufanya kazi pamoja na Bi. Wanjiku. Sanduku lako nimeliona sebuleni, limefungwa kamba vizuri. Sitakuandikia habari za sweta, wala za watu wa stendi, wala za kula kabla ya safari. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na yeye. Nimeiandika sentensi hiyo ya mwisho nikaitazama kwa muda. Nilitaka kuikata. Nimeiacha ili uone mapema kwamba barua hii inahusu wivu, na kwamba ninayeiandika bado ninao.

Unayajua mambo yaliyotokea, lakini huyajui nilivyoyaona mimi. Niruhusu niyaandike tangu mwanzo.

Nilipostaafu ualimu na kanisa likanipa ofisi ya vitabu, nilitaka jambo moja tu: wanawake wa madarasa ya ngumbaru, wanaojifunza kusoma utu uzima, wasome kitabu kilichotoka vinywani mwao wenyewe. Ndipo nikakuita wewe, kwa kuwa ulikuwa umemaliza shule na vidole vyako ni vyepesi. Mama mmoja akija, awe wa Langas au wa Ainabkoi, alikaa kando yako akasimulia, nawe ukapiga chapa papo hapo ndani ya mashine. Hapakuwa na karatasi. Utepe wa kuchapishia ulikuwa wa shida, tukakubaliana tusichapishe hadithi hadi mimi niwe nimeisahihisha.

Nami nilisahihisha. Nilirekebisha lugha, nikakata yasiyofaa kitabu, na kila nilipomaliza nilikuamuru uihamishe nakala ya kwanza mahali pamoja palipotengwa, na kila Ijumaa ukafute yote yaliyokuwa pale. Uliniuliza kwa nini. Nilikujibu kwamba miaka yote niliyofundisha sikuacha sentensi yenye kosa ikalala ubaoni, na sikuona sababu ya kuiacha ilale ndani ya mashine. Ulifanya kama nilivyosema. Siku zile ulikuwa bado unafanya kama nilivyosema.

Halafu kanisa likamleta Bi. Wanjiku atutunzie mashine. Nilijua habari zake kabla sijamwona: binti wa mwenye duka kule Langas, aliyekwenda Nairobi akajifunza mambo ya kompyuta, akarudi anaijua Unix, mfumo unaoiendesha mashine yetu, kama mtu anavyolijua shamba la babake. Nilimkaribisha vizuri. Nilimpa kiti changu cha zamani. Sikuwa na neno naye mpaka nilipoanza kusikia kicheko chako kupitia ukutani.

Sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Nyumbani hucheki hivyo. Nilikuwa naacha kalamu na kusikiliza, nione kama nitalishika jambo lililokuchekesha, na kila mara nilichelewa. Ulianza kutia tangawizi katika chai ya ofisi kwa sababu yeye anaipenda. Ulianza kusema "tuone kwanza" kabla ya kila kazi, kwa sauti yake. Siku moja nilipita karibu na hoteli iliyo nyuma ya posta, nikawaona ndani mnakula ndengu katika sahani moja, wewe ukimega chapati na kumpa kipande bila kumtazama, kama unavyompa mtu wa nyumbani. Nilisimama pale nje hadi mwenye hoteli akaniuliza, "Mama, unaingia ama unangojea mtu?" Nikamwambia nangojea mtu.

Lakini iliyoniumiza zaidi ni siku uliyoita "Mama" katika chumba cha mashine, nami nikaitika kutoka mezani pangu, nikainuka, nikafika mlangoni. Yeye alikuwa amekwisha kukujibu. Mkanitazama wote wawili kwa adabu. Nilisema nimekuja kuchukua faili, nikachukua faili nisiyoihitaji, nikaondoka nayo.

Najua watu wote humwita Mama Wanjiku, na kwamba ulifupisha tu. Najua kila kitu kinachoweza kusemwa. Wivu hausubiri kuelezwa.

Sasa Ijumaa ile. Mlikuwa mmepanga kuziweka upya hadithi zote zilizosahihishwa, kila mama na mahali pake, na kwa siku hiyo moja mkazihamishia pale palipokuwa patupu. Pale penyewe ndipo tulipokuwa tukiweka vya kufutwa. Hamkuniambia. Sikulaumu, maana wakati ule nilikuwa nimeanza kuwajibu kwa mkato, na mtu anayejibu kwa mkato haambiwi mambo. Mlikwenda kula. Mimi nikabaki peke yangu na mashine, nikasema moyoni kwamba leo watarudi wakute Mwalimu ameifanya kazi ya Ijumaa kwa mkono wake mwenyewe, bila kuomba msaada kwa mtu. Nikaandika amri ya kufuta, kama nilivyokuona ukiiandika. Mashine ya namna ile haikuulizi kama una hakika. Ilinyamaza, ikangoja amri nyingine.

Uliporudi uliketi ukatafuta hadithi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ukaacha kutafuta. Ulinitazama. Nilikuambia nilichofanya kwa sauti ya kawaida kabisa. Kanda ya akiba, ile ya kuwekea nakala ya kila kitu, ilikuwa imekatika, na mpya ilikuwa bado inangoja forodhani Mombasa. Wote wawili tulilijua hilo. Ulikimbilia simu, ukampigia Bi. Wanjiku dukani kwa babake alikokuwa amepitia, ukasikiliza, ukarudi mlangoni kwangu.

"Mama, amesema usiandike kitu kwa hiyo mashine. Hata herufi moja. Anakuja."

Kisha ukatoka kwenda kumpokea, kwa sababu alikuwa anakuja na diski nyingine, na ni mzigo mzito.

Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole. Nilisikia vizuri ulichosema. Sikukosa kuelewa. Lakini nilijiuliza ni nani anayeniagiza nisiandike katika ofisi ninayoiongoza, na jibu nililopata lilinitia moto. Hadithi nyingi nilikuwa nazo kichwani, maana nilizisahihisha neno kwa neno. Nikaona kwamba nikizipiga chapa upya haraka, atakapofika hatakuta kitu cha kuokoa. Hilo ndilo nililolitaka, Chebet. Sikutaka hadithi zipatikane. Nilitaka zisipatikane kwa mkono wake. Nikaketi, nikaandika, na kila baada ya sentensi chache nikahifadhi, kama ulivyonifundisha.

Alipoingia aliniuliza jambo moja. "Mwalimu, umeandika kiasi gani?"

Nikamwambia, kwa fahari, kwamba nimekwisha kuandika sura nzima na nimeingia katika nyingine. Aliweka mzigo wake chini, akanyoosha mkono nyuma ya mashine, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Niliona ni ufidhuli, nikamwambia maneno ambayo uliyasikia na ambayo nayaandika hapa kwa sababu siwezi kuyafuta kwa kutoyaandika. Nilisema, "Mgeni hatanifundisha kazi mahali pangu."

Akasema, "Mimi nilizaliwa hapo Langas, Mwalimu. Lakini wacha tuendelee." Wewe ulitazama sakafu. Tangu ulipokuwa mtoto sikuwahi kukuona ukiona haya kwa ajili yangu.

Alinieleza baadaye, bila kunisuta, na ndipo nilipoelewa. Ukiiambia mashine ifute, haifuti maneno. Inasahau tu mahali ilipoyaweka, na mahali pale inapaandika kuwa pako wazi. Maneno yenyewe yanabaki yamelala vilevile hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo mtu akipoteza kitu katika diski, dawa ya kwanza ni kutoigusa. Asiandike, asipange, asisafishe. Mimi nilikuwa nimekaa nusu ya mchana nikiandika.

Kesho yake tulikutana ofisini, sisi watatu. Hakuiwasha mashine kwa diski yake. Aliiwasha kwa kanda ya mfumo aliyokuja nayo, akaiagiza isome diski yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu zilizo tupu, na kunakili yote kama yalivyo katika diski aliyoileta. Amri yenyewe ni fupi, herufi mbili, dd. Nilikuuliza kwa nini anakili hata utupu. Ukaniambia, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba utupu ndio tunaoutaka, kwa sababu humo ndimo hadithi zimo. Nilikuuliza tena kwa nini asitafute mle mle katika diski yetu. Akajibu yeye, kwamba kitu kilichoumia hakifanyiwi majaribio. Unachukua picha yake nzima, unaiweka ile ya kwanza kando, unahangaika na picha. Ukiharibu, unaichukua nyingine.

Mashine ikavuma asubuhi nzima. Mlikaa bega kwa bega mkiitazama, nami nilikaa nyuma yenu nikizitazama shingo zenu.

Picha ilipokamilika, aliiagiza mashine itoe kila mahali penye herufi zinazosomeka na binadamu, kisha itafute humo maneno tutakayoitajia. Akanigeukia. "Mwalimu, nipe maneno. Si maana ya hadithi. Maneno yenyewe, vile yalisemwa."

Nilimpa mianzo ya hadithi kama nilivyozisahihisha. Tulipata kidogo sana. Vipande vilikuja vimekatika katikati ya neno, na mara nyingi kilichofuata ni maandishi yangu mwenyewe ya jana, yamekalia pale. Ndipo akasema pengine zile nakala za kwanza, tulizozifuta Ijumaa za nyuma, ziko mahali pengine ambako mkono wangu haukufika. Ila kwa hizo anahitaji maneno ambayo hayakuingia kitabuni. Nani anayakumbuka?

Wewe ulikumbuka machache. Mimi niliyakumbuka yote. Mtu hukumbuka alichopigana nacho. Nilimkumbuka mama wa Langas aliyesema mumewe anaifuta redio vumbi kila siku, lakini yeye mkewe hajafutwa machozi tangu harusi. Nilimkumbuka wa Ainabkoi aliyesimulia alivyosimama katika foleni ya kura nyuma ya picha ya mgombea asiyemtaka, kwa sababu chifu alikuwa anaangalia. Sentensi zake nilizikata siku ileile alipozisema, nami sijaulizwa kwa nini na mtu yeyote, kwa kuwa kila mtu anajua kwa nini. Nilimtajia Bi. Wanjiku maneno yale, akayaandika, na baada ya muda yakapanda katika kioo, mazima, chini ya picha ya Rais iliyo ukutani. Aliinuka akafunga mlango. Wakati wote ule niliokuwa nikijisifu kwamba ofisi yangu ni safi, maneno yale yalikuwa humo ndani, yamelala.

Nilikwenda Ainabkoi baadaye kumuuliza yule mama kama anataka yarudishwe kitabuni. Alinisikiliza akiendelea kuchambua maharagwe. "Si uliyatoa, Mwalimu? Wacha yakae nje kwanza. Watoto wangu bado wako shule." Nimeyatunza. Si kila kilichopatikana kina ruhusa ya kutoka, lakini ruhusa hiyo ni yake, si yangu.

Tulichapisha vipande vyote, tukavitandaza sakafuni. Kila kipande kilikuwa kama nusu ukurasa, wala hakikuwa na jina la mwenyewe, na kazi ya kujua hiki ni cha nani iliniangukia mimi. Nilitambaa kwa magoti na miwani yangu. Huyu ni wa maji ya mtoni. Huyu ni wa pareto. Bi. Wanjiku alisema, "Mwalimu unawasikia kabisa." Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Nakuambia hili pia, ili usidhani nilikuwa na uchungu tu. Tulikuwa watatu sakafuni na mlikuwa mnaniuliza mimi.

Kisha ukanipa kipande ulichokuwa umekishika nyuma ya vingine. Ulikuwa umekijua tangu mwanzo.

*Mimi ni Kogo ya Chebet. Mimi sina kitabu lakini niko na hadithi.*

Mama yangu, bibi yako unayemwita Kogo, alikuja kwako, Chebet. Hilo ndilo lililokuwa chini ya mengine yote, ingawa sikutambua hivyo hadi nilipokuwa kwa magoti pale. Alikuja siku ambayo mimi nilikuwa mkutanoni, akaketi kando yako, akakusimulia, akarudi nyumbani kwake, na kabla ya mvua kubwa kwisha alikuwa ametutoka. Miaka yote ile hakunisimulia mimi. Nilipoiona hadithi yake katika kioo kwa mara ya kwanza, niliisoma kama ninavyosoma ya mtu mwingine yeyote, nikiwa na shabaha ya kusahihisha. Nilifika mahali anapoeleza jinsi alivyokuwa akiniona nikirudi likizo kutoka chuo cha ualimu:

*Mtoto yangu akirudi alikuwa anaongea na kitabu, mimi naongea na moto. Akiongea na mimi ni kusema hapana, hiyo si hivyo, sema hivi. Mwalimu yake alikuwa anasifiwa kwa nyumba yangu kila siku. Mimi nilikuwa namsikia huyo mwalimu mpaka nikajua vile anakunywa chai.*

Hapo niliacha kusoma. Nilikata kuanzia pale hadi mwisho bila kujua mwisho unasema nini. Hadithi iliyobaki ilikuwa ya kilimo cha pareto, safi, fupi, inayofaa darasa. Mwalimu anayekata asichokisoma hastahili kalamu nyekundu. Ningemfukuza mwanafunzi kwa jambo hilo.

Sasa nakala ya kwanza ilikuwa mbele yangu sakafuni, na nilikuwa na nafasi ambayo watu hawapewi. Niliichukua karatasi, nikapita pale nilipoachia, nikaendelea. Alieleza siku niliyoondoka kwa mara ya kwanza. Alieleza sanduku, na jinsi alivyonisindikiza hadi stesheni ya Ainabkoi tukitembea bila kusema. Nayakumbuka matembezi yale. Miaka yote nilidhani hakuwa na la kusema.

*Gari ya moshi ilipoanza kutembea yeye alikuwa anaangalia mbele. Mimi nilisimama hapo hapo. Nikasema na roho yangu*

Na baada ya hapo kipande kinasema: *Maji ya kunywa yachemshwe vizuri kabla ya kutumiwa, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye kifuniko.*

Ni sentensi yangu. Niliiandika Ijumaa ile, katika sura niliyoikumbuka kwa haraka ili Bi. Wanjiku asikute kazi. Haina kosa lolote. Imekaa juu ya maneno ya mama yangu, na Bi. Wanjiku alitafuta siku mbili zaidi, katika picha nzima, mbele na nyuma, kwa kila neno tulilolifikiria, akaniambia mwishowe kwamba pale hapana kitu kingine tena. Lililoandikwa juu yake haliokolewi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Hata hilo nilimwonea wivu, kwamba aliweza kumlilia mama yangu kwa urahisi.

Ndipo uliposema, "Mama, mimi nilikuwa hapo. Naweza kukuambia venye alisema."

Nami nikakujibu, "Sihitaji kuletewa maneno ya mama yangu na mtoto wangu."

"Sawa," ulisema. Ukaokota karatasi zilizobaki, ukazipanga, ukazifunga. Tangu hapo tumezungumza habari za chumvi.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilikukatalia. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kiofisi: kitu kinachosimuliwa kwa kumbukumbu si sawa na kilichoandikwa. Ni kweli, na ni uongo, maana mimi mwenyewe niliandika sura nzima kwa kumbukumbu. Jibu lenyewe ni kwamba nikiyapokea kutoka kwako, nitakuwa nimekubali kwamba alikuachia wewe. Nilikuwa mtoto wake tangu kabla hujazaliwa. Nilitaka, angalau katika hilo, nisisimame nyuma ya mtu.

Lakini nimefikiri pia hivi. Kama Kogo angeketi mbele yangu, asingefika sentensi ya pili. Ningemsimamisha. Nilimsahihisha mbele ya wageni, jikoni kwake, akiwa ameshika mwiko, naye akanyamaza, nami nikauhesabu unyamavu ule kuwa ni ushindi wa elimu. Kwako alisema hadi mwisho kwa kuwa wewe ulimwachia aseme. Ulipiga chapa tu. Basi sio kwamba ulinipokonya. Ulikuwa mahali pekee alipoweza kuyaweka. Nalijua jambo hilo kwa akili. Siwezi kukudanganya kwamba limeshuka zaidi ya hapo.

Na yule mwalimu wangu wa chuo, ambaye Kogo alimjua hadi chai yake, aliniachia nini? Aliniachia kazi ninayoipenda na mwandiko mzuri. Sijutii kwamba nilimpenda. Ninajuta kwamba nilirudi nyumbani na upendo ule nikaufanya fimbo. Wewe hujafanya hivyo. Tangu Bi. Wanjiku aje, hujanisahihisha hata mara moja, na nimekupa sababu nyingi. Huenda hujui kwamba nimeliona. Nimeliona.

Kwa hiyo nenda naye. Jifunze kila alicho nacho. Anajua kazi yake, ana subira, na aliponisikia nikimtukana aliendelea kuniokolea hadithi zangu. Sina ushauri wa kukupa juu yake ila mmoja, na huu umetoka kwangu mimi mwenye kosa, si kwa mwalimu: siku utakapoanza kumwonea mtu wivu, iondoe mikono yako juu ya kitu mnachogombania. Usikirekebishe, usikipange, usikisafishe. Kaa kando hata kama watu watakuona mvivu. Mimi nilijiona mchapakazi.

Sasa hili la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Kamati inataka kitabu kiende kwa mpiga chapa. Hadithi zitakuwa kama zilivyosemwa, hilo nimekwisha kulikubali, ingawa kuna sentensi ambazo nikizisoma napata homa. Imebaki ya Kogo. Naweza kuiachia pale stesheni, gari la moshi linaanza kutembea, na msomaji asijue alisema nini moyoni. Naweza kuirudisha ile fupi ya pareto. Au naweza kukuomba unipe mwisho wake, kisha nikauchapisha, au nikauweka mwenyewe bila kumwonyesha mtu. Ungeniambia leo kama ningebisha mlango wako. Ninaisikia redio yako. Sijabisha, na ninajijua, sitabisha. Nikiyasikia kwa mdomo wako nitayasahihisha, Chebet. Nitakusimamisha. Heri yaje kwa maandishi, nikiwa peke yangu, mahali ambapo hakuna wa kumsimamisha.

Lakini hata kwa maandishi, bado sijui kama ninayataka. Huenda alinisamehe, na sijui nitalibeba vipi. Huenda hakunisamehe. Huenda alisema tu kwamba mvua inakuja na ng'ombe wako nje.

Nipe muda. Nikiamua, nitakuandikia, na barua yangu itakuwa fupi, utajua mara moja ninachoomba. Ukiipata, niandikie alivyosema, na makosa yake yote, usiniongezee nukta.

Na kama hujamwambia Bi. Wanjiku maneno hayo, usimwambie kabla yangu. Kama umekwisha kumwambia, usinijulishe.

Mama yako